Harrier ya Petroli au ya Haibridi? Soma Kabla Hujatuma Fedha Japani

Familia nyingi za Mwanza zikishakubaliana kwamba IST imekuwa ndogo, watoto wamerefuka na bibi naye anataka kiti chake, ubishi unaofuata huwa wa jina: Harrier, RAV4, X-Trail, Forester au CX-5. Ubishi huo mtamu, na kila shemeji ana lake la kusema. Wenye gharama hasa ni ubishi wa pili, ambao wengi hawaufikii kabisa: chini ya boneti kuwe na nini? Harrier ya 2015, ile wanayoiita Anaconda, inaweza kuja na injini ya petroli ya lita mbili au na mfumo wa haibridi wa lita 2.5. Ukiwa barabarani huwezi kuzitofautisha mpaka usogee usome nembo za nyuma. Zikishakaa kwako miaka mitano, mfuko utakuwa unazijua vizuri sana tofauti zake.

Naandika nikiwafikiria zaidi wakazi wa Usagara na vitongoji vyake, kwa sababu pale ndipo njia zinapoachana. Moja inaingia jijini kupitia Nyashishi, Buhongwa, Mkolani, Nyegezi na Butimba hadi Mkuyuni, na asubuhi ni foleni. Nyingine inakata magharibi kwenda Kigongo, inavuka daraja, inaendelea Sengerema na Geita. Ya tatu inashuka Misungwi na Shinyanga, na ukitaka inakufikisha Dar es Salaam. Kabla hujamuuliza fundi wala dalali, jiulize wewe njia yako ya kila siku ni ipi na kwa mwezi unatembea kilomita ngapi. Ukishindwa kujibu hayo mawili, bado hujawa tayari kununua.

Tuanze na foleni, kwa sababu ndiko haibridi inakokula vizuri. Haibridi za Toyota, ambazo ndizo nyingi katika magari ya daraja hili, zina injini ya petroli na mota za umeme zinazosaidiana zenyewe, bila dereva kuchagua chochote. Huchomeki popote. Ukikanyaga breki au ukiteremka mlima, mota inageuka jenereta, na nguvu ambayo kwenye gari la kawaida ingeishia kuwa joto la pedi za breki inarudi kwenye betri. Ukisimama, injini inazima. Ukiondoka polepole, umeme ndio unaosukuma, na injini inaamka pale tu inapohitajika. Sasa ipitie safari ya asubuhi ya kuingia mjini: daladala zinachomoka Buhongwa, mabasi yanatoka stendi ya Nyegezi, na kuanzia Mkuyuni ni kusogea na kusimama. Gari la petroli muda wote huo linachoma mafuta hata likiwa halitembei, na kiyoyozi juu yake. Haibridi inakaa kimya. Ongeza milima ya jiji hili la miamba. Ukipanda Bugando au Isamilo unatumia, ukishuka unarudishiwa sehemu.

Kwa vipimo vya Japani, Harrier ya 2020 ya petroli isiyo fowili inatembea kilomita 15.4 kwa lita, na ya haibridi 22.3. RAV4 iliyotoka Japani kuanzia 2019 ina 15.8 kwa petroli na 21.4 kwa haibridi. Usitegemee kuziona namba hizo Mwanza. Zinapimwa kwa utaratibu maalumu, bila mizigo ya Jumamosi wala matuta. Kinachofaa kuchukuliwa ni uwiano wake: haibridi inakunywa pungufu kwa robo hadi theluthi, na kwenye foleni pengo huwa kubwa zaidi. Kwa matumizi ya mjini, mimi hupiga hesabu ya kilomita 10 kwa lita kwa petroli ya lita mbili na 15 kwa haibridi. Ukipata zaidi, shukuru.

Twende kwenye fedha. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na Mwanza hulipa zaidi ya Dar es Salaam kwa sababu ya usafirishaji. Nitatumia shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Wewe weka bei ya mwezi huu. Mtu anayekaa Usagara na kufanya kazi katikati ya jiji atatembea karibu kilomita 45 kwenda na kurudi. Siku 26 za mwezi, pamoja na kanisani au msikitini, sokoni na misibani, zinafikisha kama kilomita 1,500. Petroli itakunywa lita 150, yaani shilingi 450,000. Haibridi itakunywa lita 100, shilingi 300,000. Umeokoa 150,000 kwa mwezi, milioni moja na laki nane kwa mwaka.

Chukulia haibridi imekuzidi milioni 6 hadi kufika mlangoni kwako. Utazirudisha kwa miezi 40. Ukiwa mwangalifu ukatenga milioni 4 nyingine kwa ajili ya betri, utahitaji miaka mitano na nusu. Hapo bado biashara ni nzuri, maana gari la familia huku kwetu halikai miaka mitano tu.

Lakini mwenzako anayefanya kazi hapo hapo Usagara, anayekwenda mjini mara mbili kwa wiki, akitembea kilomita 500 kwa mwezi, ataokoa kama shilingi 50,000. Milioni 6 zake zitarudi baada ya miaka kumi, kabla hata hajaanza kufikiria betri. Huyo haibridi haimfai, na anayemwambia inamfaa ama hajapiga hesabu ama anauza gari. Watu wengi wa Mwanza wanaoniuliza kuhusu haibridi wako kundi hili, na jibu langu huwa linawavunja moyo.

Kuna jambo watu hulisahau. Tangu bajeti ya 2017/18, ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa na mzigo wake ukahamishiwa kwenye mafuta. Maana yake kodi ya barabara sasa unailipa pampuni, kwa lita. Anayetumia lita chache analipa kidogo, anayetumia nyingi analipa zaidi. Kwa mwenye foleni kila siku, hiyo nayo ni hoja ya upande wa haibridi.

Upande wa pili wa mzani ni ushuru wa kuingiza, na hapa umri wa gari unaumiza kuliko aina ya injini. Kwenye gari la abiria kuna ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18. Katikati yake kuna ushuru wa bidhaa: kwa injini za petroli zilizozidi sisi 1,000 hadi 2,000 ni asilimia 5, zikivuka 2,000 ni asilimia 10. Halafu kuna ushuru wa uchakavu: gari lenye miaka minane hadi kumi huongezewa asilimia 15, na likivuka kumi huongezewa asilimia 30. Tozo nyingine ndogo ndogo nimeziacha.

Piga hesabu kwa gari ambalo TRA wamelithamini kwa milioni 20 hadi bandarini. Ukiongeza forodha inakuwa milioni 25. Tofauti ya asilimia 5 na 10 ya injini ni 1,250,000, na VAT yake inafikisha kama 1,475,000. Inauma, lakini inabebeka. Sasa asilimia 15 ya uchakavu ni 3,750,000, ukiweka VAT ni zaidi ya milioni 4.4. Asilimia 30 ni milioni 7.5, na VAT yake inafika milioni 8.85. Kwa hiyo haibridi iliyozeeka inayoonekana rahisi kwenye tangazo la Japani inaweza kukufikia kwa bei ya ile changa zaidi, nawe ukabaki na betri iliyochoka. Anaconda za kwanza, za mwishoni mwa 2013 na za 2014, zimeshavuka miaka kumi. Ingiza gari lenyewe unalolitaka kwenye kikokotoo cha TRA, mwaka wake na modeli yake, siku ile ile unayotaka kulipia. TRA wana thamani zao za magari yaliyotumika na hawafuati risiti ya muuzaji, na viwango navyo huweza kubadilika kila bajeti inapoanza kutumika Julai.

Kuna gari moja ambalo ningekukataza bila kupepesa macho: Harrier haibridi ya kuanzia 2005, yenye umbo lile linaloitwa tako la nyani na injini ya V6 ya lita 3.3. Ilitengenezwa iwe na nguvu, kubana mafuta lilikuwa jambo la pembeni. Betri zake nyingi zimezeeka. Ukikuta inauzwa rahisi Mwanza, aliyeiweka sokoni anajua kwa nini. Na hata tako la nyani la petroli la lita 2.4, pamoja na Vanguard yenye injini hiyo hiyo, pima oili kwa makini. Zile za kati ya 2006 na 2009 zimeandamwa na ugonjwa wa kula oili, na Toyota wenyewe walilazimika kuwahudumia wateja wa Marekani kwa tatizo hilo la pistoni na ringi zake.

Sasa betri, ambayo ndiyo hofu ya kila mtu. Kwenye Anaconda haibridi ni pakiti ya volti karibu 245, imekaa chini ya kiti cha nyuma. Haifi ghafla kama watu wanavyosimulia. Inachoka seli kwa seli, na kinachoichosha haraka ni joto. Ndiyo maana ina feni yake inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia matundu madogo yaliyo chini ya kiti hicho. Hapo ndipo Kanda ya Ziwa inapoingia kwenye habari. Vumbi la barabara za moramu za kwetu linapita madirishani, linajaa kwenye matundu, linaziba kichujio na feni, na betri inaanza kupikika pole pole bila taa yoyote kuwaka kwa muda mrefu. Ukiwa na haibridi huku, feni hiyo isafishwe kila unapobadilisha oili. Fundi asiyejua iko wapi si fundi wa gari hilo.

Kuna na makosa ya nyumbani. Mtu ananunua kava za viti nzito, nzuri kweli, zinazoshuka mpaka sakafuni na kufunika matundu yote. Mwingine anasukuma begi la shule na gunia la mchele wa Misungwi hapo hapo mbele ya kiti cha nyuma. Na lipo la ufukweni kwetu: ndoo ya sangara kwenye barafu, inayeyuka njiani kutoka mwaloni, maji ya samaki yanatiririka chini ya kiti. Kwenye gari la petroli utabaki na harufu tu. Kwenye haibridi maji hayo machafu yanaelekea kwenye nyaya za umeme mkubwa. Samaki wakae kwenye buti, kwenye chombo kisichovuja, na hata huko uliza kwanza betri ya modeli yako iko wapi, maana X-Trail haibridi iliyoanza 2015 yenyewe betri imewekwa upande wa buti. Na mvua kubwa zikijaza maji barabarani, usijaribu kuvuka kwa sababu tu daladala imevuka.

Ukitaka kununua haibridi iliyokwisha kutumika nchini, usikubali maelezo ya mdomo kuhusu betri. Mwite fundi mwenye mashine inayosoma mfumo wa haibridi, si ile ya kusoma taa ya cheki injini peke yake. Betri ya Anaconda ina moduli 34 na kompyuta inazisoma mbili mbili, kwa hiyo kwenye skrini utaona volti za makundi 17. Gari likipandishwa mlima kisha likateremshwa, makundi hayo yanapaswa kupanda na kushuka kwa pamoja. Kundi moja likibaki nyuma kwa volti karibu moja, betri hiyo imeanza safari ya mwisho. Ama bei ishuke kwa thamani ya betri nyingine ama uondoke. Angalia pia mchoro wa chaji kwenye dashibodi. Ukijaa haraka mno na kuisha haraka mno, ni dalili hiyo hiyo.

Na usiichanganye betri kubwa na ile ndogo ya volti 12. Haibridi inaamshwa na betri ndogo. Hiyo ikifa, gari zima linakuwa kama limekufa, na kuna watu wamekwisha kuuza magari kwa hasara wakidhani betri kubwa imekwenda. Badilisha ndogo kwanza. Pia usikubali gari lako litumike kubusti lori la jirani, na nyaya zote za rangi ya machungwa chini ya boneti asiziguse mtu ambaye hakufundishwa kuzizima.

Baada ya kutishwa hivyo, sikia mazuri yake ya gereji. Haibridi ya Toyota haina starta ya kawaida, haina alteneta, haina mkanda wa feni, na gia boksi yake haina mikanda ya CVT wala klachi za kuteleza. Breki zake zinadumu kwa sababu mota ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Vitu ambavyo humpeleka mwenye gari la kawaida Igogo kutafuta spea mara kwa mara, huku havipo. Ndiyo maana haibridi yenye betri nzima na feni safi hukaa kimya kwa miaka.

Petroli ya lita mbili isiyo na tabo ndiyo chaguo la mtu anayetaka kulala usingizi. Injini ya Anaconda ya petroli ni ya sisi 1,986, imo kwenye kundi la asilimia 5 la ushuru, na kila fundi kati ya Buzuruga na Misungwi ameshafungua ya namna hiyo. Haina haraka. Ukiwa na watu watano na mizigo, ukitaka kuovateki lori la kuelekea Shinyanga, panga mapema. Ugonjwa wake, kama upo, huwa ni wa kujitakia: gia boksi ya CVT iliyowekewa oili ya gia ya kawaida kwa sababu ilikuwa rahisi dukani. CVT ina oili yake, imeandikwa kwenye kitabu cha gari, na kuweka nyingine ni kuiua kwa mkono wako. Kwa X-Trail zingatia hilo mara mbili, maana mafundi wengi watakuambia CVT za Nissan hazipendi joto wala kubebeshwa mizigo mlimani.

Harrier ya tabo iliyotoka 2017, farasi 231, ni tamu kuiendesha na imebaki chini ya sisi 2,000, kwa hiyo kwenye ushuru haionewi. Lakini mtengenezaji anaitaka petroli ya oktani ya juu, wakati ya lita mbili na haibridi zimetengenezwa kwa petroli ya kawaida ya Japani. Kama huna uhakika wa kupata mafuta hayo kila wiki, unanunua nguvu ambayo gari lenyewe litaipunguza ili kujilinda. Kwa familia siioni sababu. Kijana asiye na mke ataniona mzee, sawa.

Turudi njiapanda, tukate kwenda Kigongo. Zamani, kabla Rais Samia Suluhu Hassan hajazindua Daraja la J. P. Magufuli tarehe 19 Juni 2025, kukaa foleni ya kivuko kulikuwa sehemu ya safari ya Geita. Kukaa saa nzima juani na watoto, kiyoyozi kikiwaka, ilikuwa mahali pengine haibridi ingejilipia. Sasa daraja la kilomita 3 unalivuka kwa dakika chache, na safari nzima imekuwa ya mwendo mmoja. Hilo ni jema kwa kila mtu, ila limeipunguzia haibridi faida katika njia hiyo. Kwenye mwendo mrefu usiokatika, breki hazikanyagwi, betri haipati cha kukusanya, na injini inafanya kazi karibu muda wote. Petroli ya lita mbili inayokupa 10 mjini inaweza kukupa 13 au 14 huko, haibridi 16 au 17. Pengo limebaki, lakini si lile la Mkuyuni. Mfanyabiashara wa Usagara ambaye wiki yake yote ni Geita na Sengerema asinunue kwa kutazama hesabu za mtu wa foleni.

Ni njia hiyo inayofanya watu waiulizie dizeli, hasa Mazda CX-5 ya lita 2.2. Nikiri wazi, injini hiyo naipenda. Inavuta kwa utulivu, mlima hauioni, na safari ndefu inakunywa kidogo sana. Sisi zake 2,188 zinaiweka kwenye asilimia 10, hilo dogo. Kubwa ni kichujio cha masizi kilichofungwa kwenye ekzosi. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuchoma masizi gari likiwa limepata moto na mwendo wa kutosha. Ukiitumia kwa safari fupi fupi, Usagara hadi Nyashishi, kuzima, kuwasha, kurudi, kitajaa kabla hakijapata nafasi ya kujisafisha. Na gari lilitengenezwa kwa ajili ya dizeli ya Japani yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, ilhali kiwango kilichopitishwa Afrika Mashariki mwaka 2015 ni 50. Siyo kwamba haitatembea. Itatembea, ila uvumilivu wake kwa safari fupi na mafuta ya kituo cha mashaka ni mdogo. Kwa anayekwenda Geita au Shinyanga kila wiki, anajaza kituo kile kile anachokiamini na ana fundi wa dizeli za kisasa, ni gari zuri. Kwa mama anayepeleka watoto shule, hapana. Na wale watakaokushauri ukikate kichujio hicho ukitupe, waambie wakakate cha kwao.

Haibridi ya kuchomeka, kama Mitsubishi Outlander PHEV iliyoanza 2013 na betri ya uniti 12, inavutia sana kwenye karatasi. Kwa umeme wa nyumbani wa shilingi karibu 356 kwa uniti, kuijaza kutoka sifuri ni kama shilingi 4,300, na ikiwa nzima inaweza kukupeleka mjini ukakaribia kurudi Usagara bila petroli. Safari hiyo hiyo kwa petroli ni zaidi ya shilingi 13,000. Lakini zile unazoweza kuzimudu zina miaka zaidi ya kumi, asilimia 30 ya uchakavu iko mgongoni mwake, na betri yake kubwa imekwisha kupungua. Nyumba iliyo kwenye kundi la TANESCO la matumizi madogo nayo inaweza kutolewa humo. Ningesubiri zilizo changa zishuke bei.

Neno la fowili kwa wanaoingia vijijini. Haibridi ya fowili ya Toyota haina shafti ya kupeleka nguvu nyuma. Ina mota ndogo ya umeme kwenye ekseli ya nyuma. Inatosha kukutoa kwenye utelezi wa lango la shule mvua ikinyesha. Kwa tope la mashamba ya mpunga siiamini, na Anaconda haibridi iko chini kidogo kuliko mwenzake wa petroli. Anayekwenda shamba kila Jumamosi akanunue petroli ya fowili, au aiache Harrier nyumbani na kuazima pikapu ya shemeji.

Msomaji, hukumu yangu ni hii. Ukiwa mtu wa Usagara unayeingia jijini kila siku, unatembea zaidi ya kilomita 1,200 kwa mwezi na unaweza kumudu gari lenye umri chini ya miaka minane, chukua haibridi, RAV4 au Harrier, ipimwe betri, na utenge fedha ya betri tangu siku ya kwanza. Ukiwa chini ya hapo, chukua petroli ya lita mbili isiyo na tabo, uiwekee oili sahihi ya CVT, na zile milioni zilizobaki anza nazo kwa kununua tairi nne mpya na bima kubwa.